Dobi Anasubiri Jibu

"Uliza swali moja, kisha nyamaza," alisema mwalimu wa semina, na dobi aliyekaa benchi la nyuma akaona hilo angalau analiweza.

Alikuwa amechelewa kufika, vidole bado vimekunjamana kwa maji ya sabuni, akajibanza karibu na mlango kama mtu aliyeingia kuuliza njia. Mbele yake walikaa wazazi wenzake, wenye kalamu na miwani, wanaotikisa vichwa kila mwalimu alipotua kuvuta pumzi. Semina ilikuwa yao: namna ya kuzungumza na kijana wako habari za imani. Dobi hakuwa na kalamu. Shule aliiacha mapema, siku aliporudishwa nyumbani kwa kukosa viatu, na tangu hapo hakuwa na imani na yeyote anayesimama mbele ya watu. Wakubwa wakipiga chafya, alipenda kusema, wadogo ndio wanaougua mafua.

"Kimya kitakuuma," mwalimu akaendelea. Alikuwa mama wa makamo, sauti yake ya taratibu, isiyo na haraka ya kwenda popote. "Kiache kikuume. Usimtafunie mtoto jibu ukamtilia mdomoni. Usiseme neno mpaka aseme yeye."

Hilo dobi alilishika. Njia nzima ya kurudi nyumbani alilirudia kimoyomoyo, akiliviringisha ulimini kama kokwa ya tunda: usiseme neno mpaka aseme yeye.

Alikuwa na sababu ya kulishika. Binti yake wa pekee, msichana wa miaka kumi na sita, alikuwa ameacha mafundisho ya kipaimara. Siku moja katikati ya somo alinyanyuka, akasukuma kiti chake chini ya meza polepole, akatoka, hakurudi tena. Habari hiyo ilimfikia mama yake mkubwa, dada wa marehemu mke wa dobi, huko mji wa pili, kabla haijamfikia baba anayeishi naye nyumba moja.

"Jumamosi nakuja," shemeji alisema kwenye simu. "Kama hapo kwako hakuna wa kuzungumza na mtoto habari za Mungu, kwangu yupo. Nitamchukua akae na mimi. Usinielewe vibaya, shemeji."

Dobi alimwelewa vizuri mno. Hapo kwake hakukuwa na wa kuzungumza, kweli. Msemaji alikuwa marehemu. Mwanamke yule aliongea na Mungu akiwa ameinamia beseni, povu hadi viwikoni, vile mtu anavyoongea na jirani wa ukuta mmoja: amshukuru, amkumbushe ahadi, amsute kidogo, kisha amcheke. Kazi ya dobi ilikuwa kuitikia amina, kama mtu anayetia dole gumba kwenye barua asiyoweza kuisoma. Halafu mwaka uliopita mke akalazwa. Kitanda kimoja, wagonjwa wawili, dawa imekwisha, daktari yuko mkutanoni. Baraza la wazee wa kanisa likatuma ujumbe kwamba linamwombea. Aliyekuja kwa miguu yake hakuonekana hata mmoja mpaka siku ya mazishi, na siku hiyo wote walikalia viti vya mbele. Dobi hakusahau. Majoho ya kwaya aliendelea kuyafua, maana kazi ni kazi, lakini pasi aliipitisha juu yake kama mtu anayekanyaga nyoka.

Sasa wamemchukua mke, alijiambia akikata kona ya mwisho, na mtoto naye wanamtaka. Hawa watu hawashibi.

Nyumba ilikuwa vyumba viwili na ua. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi: meza ndefu iliyofunikwa blanketi la zamani, marobota ya nguo chafu upande huu, nguo zilizokunjwa upande ule, na pasi ya mkaa ambayo mdomo wake ulikuwa na pengo. Binti alikuwa jikoni uani, amechuchumaa mbele ya jiko, anapepea moto kwa kifuniko cha sufuria. Moshi ulimfanya afinye macho, na akifinya macho alikuwa mama yake mtupu.

Dobi alisimama. Mwalimu alitoa mifano ya maswali, mizuri, mirefu, na yote ilikuwa imemponyoka njiani. Lililobaki lilikuwa lake mwenyewe.

"Mwanangu," akasema. "Mungu amekukosea nini?"

Binti aliinua uso. Kifuniko kilisimama hewani. Alimtazama baba yake kama mtu anayeangalia nguo iliyorudi kutoka kwa fundi ikiwa na vifungo visivyo vyake. Kisha akarudi kwenye moto.

"Maji yanakaribia kuchemka, baba. Utakoga kwanza au utakula?"

Hilo halikuwa jibu. Dobi alionyesha ndoo kwa kidole, akaenda kukoga.

*

Maisha yake yote hakuwahi kutii agizo la mkubwa yeyote kama alivyotii hili. Alhamisi alfajiri binti alimwamkia, naye akaitikia kwa kuinua mkono. Binti akauliza kama maji ya kuloweka yatatosha, baba akaitikia kwa kichwa. Binti akauliza kama amwongezee chumvi, naye akasogeza sahani. Kila neno la mtoto alilipima: hili ni jibu? Si jibu. Basi zamu bado ni yake.

Kimya kiliuma, kama alivyoahidiwa. Kiliuma mahali asipopatarajia. Hakujua yalianza lini, lakini kabla ya hapo walikuwa na mazungumzo yao madogo, ya nani kaacha bomba wazi na paka wa nani kalala juu ya mashuka, na hakuwa amejua kwamba hayo ndiyo yaliyokuwa yakiishikilia nyumba. Sasa ilisikika kila kitu. Mkaa ukipasuka. Kijiko kikigusa bilauri. Binti akipindua kurasa chumba cha pili, akizipindua haraka mno kwa mtu anayesoma.

Ijumaa asubuhi kinyozi wa banda la jirani alimkuta akitundika nguo kwenye kamba ya nje.

"Dobi, leo umetakata. Utadhani umejifua mwenyewe."

"Mimi nikijifua nitachuja rangi."

"Binti yako jana aliniuliza kama mmegombana."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia baba yako hagombani na mtu mmoja mmoja. Yeye akigombana, anagombana na wenye nchi wote kwa pamoja." Kinyozi alipuliza nywele kwenye mashine yake. "Lakini kweli, mbona huongei naye?"

"Nasubiri zamu yangu."

"Zamu? Nyumba yenu ya watu wawili, nayo ina foleni?"

Dobi akacheka. Alikuwa hajatumia kicheko siku hizo, kikatoka kikubwa kuliko alivyokipanga, hadi kibanio kikamdondoka. Alipoinama kukiokota akaona miguu ya binti yake, ndoo ya maji kando yake, imesimama pale kwenye kona ya nyumba. Akainua macho. Msichana alikuwa akimtazama yeye, kisha kinyozi, kisha yeye tena. Halafu akanyanyua ndoo akapita, maji yakimrukia kwenye pindo la sketi, bila kuyajali.

Nitamweleza, dobi alijiambia. Akishajibu nitamweleza yote.

Mchana huo zilikuwapo shuka za nyumba ya wageni, na shuka kubwa haikunjwi na mtu mmoja. Marehemu alipokuwa hai walikunja wao wawili. Tangu afe, dobi alikuwa akifunga pembe mbili kwenye msumari wa ukutani na kuhangaika na zilizobaki. Siku hiyo binti alikuja mwenyewe, bila kuitwa, akashika pembe zake. Wakavuta. Wakakunja kwa urefu. Kisha binti akaja mbele, baba naye akaja mbele, wakakutana katikati, vidole vyake vyenye baridi vikampa baba pembe zile, akarudi kuokota mkunjo wa chini. Shuka baada ya shuka walikuwa wakitengana na kukutana, wakitengana na kukutana. Kila walipokutana uso wa binti ulikuwa karibu kiasi cha kuhesabika kope.

Kwenye shuka ya mwisho midomo ya msichana ilifunguka. Dobi alishika pumzi. Ndilo hili sasa jibu, linakuja.

"Hii ina tobo," binti akasema.

Dobi alilitazama tobo. Akatikisa kichwa. Binti akamwachia pembe zake mkononi, akatoka nje, na hakurudi mpaka chakula cha jioni, ambacho kila mmoja alikila akitazama ukuta wake.

*

Jumamosi majoho ya kwaya yalikuwa yanatakiwa kabla ya jua kutua. Dobi aliwasha pasi mapema, akaipepea mpaka mkaa ukawa mwekundu tumboni mwake, akalaza joho la kwanza, jeupe, zito, lenye mikono mipana kama mito. Alilinyunyizia maji kwa vidole. Alianza na mgongo.

Alipoinua macho kutafuta kitambaa cha kufunikia kola aliuona mkoba. Ulikuwa nyuma ya mlango wa chumba cha pili, umefungwa zipu mpaka mwisho, na juu yake zimewekwa kandambili za kuogea za binti, zimefungwa kwa mpira ili zisitengane.

Alijua ya kuwa shemeji anakuja. Hakujua kwamba mtoto amekwisha jibu, na jibu lenyewe lina zipu.

Binti alitokea mlangoni, amevaa gauni lake la kutokea. "Naenda na mama mkubwa," akasema. "Nadhani ni vizuri."

Dobi alitaka kusema. Maneno yalikuwa yamejaa mdomoni kama maji. Lakini je, hilo ndilo jibu? Aliulizwa Mungu amemkosea nini, naye anasema anaondoka. Inahesabika? Mwalimu hakufundisha hili. Akasimama vile vile, mkono juu ya pasi, akilipima neno la mtoto kama alivyopima mengine yote, na huku akilipima, harufu ikapanda.

Binti ndiye aliyeruka. Alimvuta mkono, akainyanyua pasi na kuisimamisha kwenye bati lake. Kwenye mgongo mweupe wa joho ilibaki alama ya kahawia, ncha yake mbele, kingo zake safi kabisa, ikitoa moshi mwembamba.

Waliitazama wote wawili.

"Na hili pia hutalisemea," binti akasema. Sauti yake haikupanda, ilikuwa imechoka. "Sawa. Mimi sijui nimekufanya nini, baba. Ungenigombeza ningejua. Ungenipiga ningejua. Na kinyozi unacheka naye. Kwangu unainua mkono kama unafukuza nzi. Ni kama mama alipokufa. Ulininyamazia hivi hivi, nikasema ni msiba, utakwisha. Sasa huu nao ni msiba wa nani?"

"Nilikuwa nasubiri jibu," dobi akasema.

Sauti yake mwenyewe ilimshtua, ilivyokwaruza.

"Jibu la nini?"

"Nilikuuliza. Jumatano, pale jikoni. Mungu amekukosea nini. Mwalimu wa semina alisema nikishauliza nisiseme neno mpaka useme wewe. Nikasema nisije nikaharibu. Mimi nikifungua mdomo naharibu, unanijua." Alijifuta mikono kwenye suruali ingawa ilikuwa mikavu. "Ukawa hujibu. Unanieleza habari za chumvi. Nikasema bado."

Binti alimkodolea macho. "Tangu Jumatano?"

"Ndivyo walivyosema."

"Baba, walimaanisha dakika. Mtu ananyamaza kidogo tu, mwenzake afikiri."

"Hawakusema kidogo. Wangesema."

Kitu kilimtoka msichana, nusu kicheko, nusu si kicheko, akaketi juu ya robota la nguo chafu na kufunika uso kwa viganja vyote viwili. Mabega yalitikisika. Dobi hakujua ni lipi kati ya mawili hayo, kwa hiyo hakumgusa. Alichukua joho lililoungua akalikunja, alama ndani, ingawa hakukuwa na wa kumficha.

"Hajanikosea," binti akasema hatimaye, ndani ya viganja. "Wengine darasani wanasema wamesikia amani moyoni, sijui wamesikia sauti. Mama naye ulikuwa ukimsikiliza unajua kabisa upande wa pili kuna mtu. Mimi nikifunga macho hakuna kitu. Nimejaribu sana. Nimejaribu hadi kwa maneno yake mama. Mwalimu wa kipaimara akasema siku hiyo kila mtu aombe kwa sauti, zamu kwa zamu, ikawa inanikaribia, nikaondoka. Ningemdanganya nani?" Alishusha mikono. Kope zilikuwa zimeshikana kwa unyevu. "Ni kimya tu. Kama nyumba hii tangu Jumatano. Unasema, unasema, na hakuna anayekujibu."

"Lakini nilikuwepo," dobi akasema.

Alisema kama mtu anayejitetea mbele ya mwenye duka. Akaongeza, kwa sababu binti hakuwa ameondoa macho, "Neno lako hata moja halikunipita. Hata la tobo. Nilikuwa nakusubiri tu."

Binti aliendelea kumtazama muda mrefu, kichwa kimeinama upande mmoja, mpaka dobi akaona haya, akachukua upepeo na kuanza kupepea pasi ambayo haikuhitaji kupepewa.

"Na wewe?" msichana akauliza. "Amekukosea nini?"

"Mimi?" Dobi akaguna. "Nianzie wapi. Kila siku nikilaza nguo hapa mezani naanza naye upya. Namwuliza kitanda kimoja kinalazaje watu wawili. Namwuliza wale wazee wake walikuwa wapi. Namwambia wewe ndiye mkubwa wa wakubwa wote, na huna hata ofisi mtu akakukuta. Juzi nimemsema mpaka nikasahau wanga kwenye moto."

"Kumbe nyie mnaongea," binti akasema.

Hodi ikabishwa.

*

Shemeji aliingia akihema, mwanamke mpana mwenye kitambaa cheupe kichwani, akamkumbatia binti, akampa dobi mkono, akakubali maji, akaketi kwenye kiti cha pekee. Macho yake yalizunguka chumba: marobota, meza, mkoba nyuma ya mlango. Mkoba ulimtuliza.

"Haya. Naona tumejiandaa."

Dobi alishika ukingo wa meza.

"Shemeji," akasema, "mimi sina la kukudanganya. Mambo ya kanisa siyajui, na wenye kanisa ninawajua mno. Mtoto nimemwuliza swali. Ameanza kunijibu leo, wewe ukiwa unabisha hodi. Ndio hapo tulipofika."

"Swali gani hilo?"

"La kwake na mimi."

Shemeji alimgeukia msichana. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amepanda gari tangu alfajiri na miguu ilimvimba juu ya viatu. "Mwanangu, mama yako aliniachia maneno. Alisema usije ukakaa bila mtu wa kukushika mkono. Ukinitazama mimi unamwona nani? Basi twende. Kule kuna vijana wenzako, kuna kwaya, kuna watu wa kukujibu maswali yako yote."

"Najua, mama mkubwa." Binti alisimama akauendea mkoba, na dobi alitazama sakafu. Alimsikia akiunyanyua. Alimsikia akiushusha tena, si mbali na pale ulipokuwa. "Naomba nikae kwanza, nimalize kumjibu baba."

"Na kumjibu huko kunachukua muda gani?"

"Sijui. Kuna mengine hata mwenyewe sijayajua."

Mama mkubwa alivuta pumzi ndefu, akaitoa kwa pua. Alinywa maji yaliyobaki. Kisha mkono wake, kwa mazoea ya mwanamke asiyeweza kukaa mbele ya nguo bila kuzishika, ukalivuta lile joho, likafunguka, alama ikatazama dari.

"Na hili? Nani ataenda kulieleza kwa baraza?"

"Nitaenda mimi," dobi akasema. "Wana maneno yao na mimi nina yangu. Tutabadilishana."

Shemeji alitingisha kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu aingie pembe ya mdomo wake ilisogea. Hakubaki kula. Alisema basi la mwisho halimsubiri mtu, na kwamba mwisho wa mwezi atarudi, na kwamba simu iwe inapokelewa. Mlangoni alimshika binti uso kwa mikono miwili, akamnong'oneza kitu sikioni ambacho dobi hakukisikia wala hakukiuliza.

Mkoba haukufunguliwa. Binti aliusogeza tu kwa mguu ili mlango uweze kufunga, akaingia chumba cha pili. Dobi aliyamalizia majoho yaliyobaki, akayapeleka, akarudi jioni akiwa amesemwa na mwenyekiti wa baraza na kumsema pia, na kwa namna fulani hakuna hata moja kati ya hayo lililomkaa rohoni.

Akaenda uani kuanua. Nguo zilikuwa zimekauka katikati na kuwa mbichi kwenye pindo. Alizitoa moja moja, akizilaza begani, vibanio akivishika kwa meno, mpaka akafika shuka ya mwisho iliyokuwa mbele ya dirisha la chumba cha pili. Hapo akasikia sauti ya binti yake. Ilikuwa ya chini sana. Haikuwa wimbo, wala hakuwa anasoma. Maneno dobi hakuyapata. Alipata mwendo wake tu: machache, yenye kujikwaa, kisha kutua kwa muda mrefu, kama mtu anayempa mwenzake nafasi. Kisha machache tena. Huenda ilikuwa simu, mama mkubwa hajafika bado, yuko njiani. Huenda haikuwa simu.

Sauti ikatua. Dobi alikuwa amekwisha nyoosha mkono hadi kwenye kibanio cha mwisho. Akauacha pale pale, vidole juu ya ubao wake mdogo, uzito wa nguo ukimlemea begani, asikifungue, kamba isije ikaruka ikapiga kelele.